Mke na mume wenye madeni, msianze kubana kwenye sukari

Nilikuwa nimeahidi kuendelea na somo la viwavijeshi vamizi, lakini naomba lisubiri wiki ijayo. Kuna kitu ninakikuta kwenye kaya nyingi ninazozitembelea, na kinakula mavuno kuliko kiwavi yeyote. Ni madeni. Tena ni madeni ambayo mume anayajua ya kwake tu na mke anayajua ya kwake tu.

Mimi ni bwana shamba, si mtu wa benki. Lakini huwezi kumshauri mtu aweke mbolea ya kukuzia wakati hela ya mbolea imeshaliwa na mkopo ambao mwenzake hajawahi kuusikia. Kwa hiyo leo natoa maoni yangu, na najua akina baba wengine hawatayapenda.

Mwaka juzi, mwishoni mwa mwezi wa kwanza, nilimtembelea mkulima mmoja na mkewe. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, yameanza kuwa na rangi ya njano kwenye majani ya chini. Nikawaambia wiki hiyo isipite bila urea. Baba akasema hana hela, ada na sare za watoto zimemmaliza. Mama akacheka, kicheko kile ambacho si cha furaha. Nikajua hapa kuna zaidi ya mbolea.

Tukakaa chini ya mwembe, nikaomba daftari la mtoto. Nikawaambia kila mmoja ataje anachodaiwa, na mwenzake asiseme kitu mpaka amalize. Mama alianza: mikopo miwili ya kausha damu, salio 180,000. VICOBA 250,000. Duka la jirani 65,000. Baba akainamisha kichwa, kisha akataja yake: duka la pembejeo 210,000, mkopo wa kwenye simu 48,000, mdogo wake aliyeko mjini 150,000. Akanyamaza. Baadaye akaongeza kwa sauti ya chini kwamba kuna gunia 6 za mahindi alishaziuza zikiwa shambani.

Mama hakuwa anajua habari ya gunia 6. Baba hakuwa anajua kuhusu kausha damu ya pili. Nitakachosema hapa ni kwamba ile jioni haikuwa nzuri, na mimi niliondoka mapema.

Siku iliyofuata nilirudi, tukafanya hesabu kwa namna ninayopenda wakulima waifanye: kwa magunia. Shilingi zinadanganya. Ukisikia 903,000 unaona ni hela ambayo siku moja itapatikana. Lakini kwa bei ya 60,000 kwa gunia, waliyouza msimu uliopita mwezi wa saba, hayo ni magunia 15. Ongeza 6 yaliyokwisha kuuzwa, yanakuwa 21. Msimu uliopita walikuwa wamevuna gunia 34 kwenye ekari 3. Chakula cha watu 6 kwa mwaka ni gunia 7 hivi. Toa 7, toa 21, yanabaki 6. Hayo 6 ndiyo ada, ndiyo mbegu, ndiyo mbolea, ndiyo hospitali na ndiyo nguo. Baba aliiangalia ile karatasi muda mrefu kisha akasema, "Kwa hiyo bwana shamba, mimi ninalimia watu."

Sasa nije kwenye hoja yangu. Baada ya hesabu hiyo baba akasema kwa uamuzi kabisa: kuanzia leo tunabana matumizi, sukari basi. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi sana. Mwanaume akiamua kubana, anaanzia jikoni. Sukari, mafuta ya kula, dagaa, sabuni. Kwa nini? Kwa sababu hayo matumizi yanaonekana, mkewe anamwomba hela yake kila siku, na anakuwa amechoka kuombwa. Ya kwake haombi mtu, kwa hiyo hayaoni kama matumizi.

Tukahesabu. Kaya ile ilikuwa inanunua kilo moja ya sukari kila wiki mbili, kwa 3,000. Kwa mwaka ni 78,000, gunia moja na kidogo. Kisha nikaomba tuhesabu kadi za michango za mwaka uliopita. Harusi, sendofu, kipaimara, jumla zilikuwa kadi 7 na walitoa 340,000. Karibu gunia 6. Mbili kati ya hizo zilikuwa za watoto wa watu ambao baba alikiri hajui hata kama wangemkumbuka siku ya shida yake. Bado hatujagusa bando la simu, bodaboda ya kwenda senta ambako angeweza kutembea, na zile chupa za jioni za siku ya mnada.

Sisemi watu wasichangiane. Jamii yetu ndiyo bima yetu, na aliyekuzikia mama yako huwezi kumnyima. Msiba ni msiba. Ninachosema ni kwamba harusi unaweza kuichangia 10,000 badala ya 70,000, ukaenda na gunzi zako za mahindi mabichi, na harusi ikafungwa vilevile. Aibu ipo, siwadanganyi. Lakini mwenye aibu ya kadi mwezi wa kwanza ndiye anayekuja kuuza mahindi yakiwa machanga mwezi wa pili, na huko hakuna anayemwonea haya.

Kuuza zao likiwa shambani ni ugonjwa wa zamani. Ndugu zetu wa Kagera wana jina lake kwenye kahawa, wanaita butura, mtu anauza kahawa ikiwa bado maua. Kwenye mahindi hatuna jina zuri lakini mambo ni yaleyale. Chukulia umepewa 40,000 mwezi wa pili, urudishe gunia moja mwezi wa saba likiwa na bei ya 60,000. Kwa miezi 5 umelipa nusu ya ulichochukua juu yake. Na kama mwenye hela anapima kwa lumbesa, ujue unalipa na kile kichwa cha gunia ambacho hakikuandikwa popote.

Kausha damu ni mbaya zaidi. Mama alikopa 100,000, ikakatwa 10,000 ya fomu, akapokea 90,000. Akatakiwa kurejesha 4,500 kila siku kwa siku 30, yaani 135,000. Riba ni nusu ya alichopokea, ndani ya mwezi mmoja. Na hata hiyo si hesabu yote, maana siku ya 15 alikuwa ameshatoa 67,500. Ile hela hakukaa nayo mwezi, iliondoka kidogo kidogo kuanzia kesho yake. Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wenye leseni wasiopokea amana. Kwa hiyo mtu akikujia na daftari na begi mgongoni, swali lako la kwanza liwe leseni iko wapi. Asipokuonyesha, usichukue hata kama mvua inanyesha ndani.

Lakini kwa nini mama alikopa kwa siri? Aliniambia mwenyewe: mtoto alirudishwa shule kwa sababu ya mchango, baba akasema subiri, na yeye hakuweza kusubiri. Hili nawaomba akina baba mlisome mara mbili. Madeni mengi ya siri ya akina mama niliyoyaona yalianza na neno "subiri".

Na nisijifanye mtakatifu. Mimi nina mshahara, na miaka kadhaa iliyopita nilichukua mkopo wa mshahara wa miaka 4, nikanunua pikipiki ya biashara. Mke wangu sikumwambia, nilitaka iwe habari njema baadaye. Dereva alinizungusha, pikipiki ikaharibika, makato yakaendelea. Mke wangu aliikuta slipu ya mshahara kwenye mfuko wa suruali akifua. Alichoniuliza ni kwamba mwaka mzima nilikuwa nikimwambia serikali imechelewesha nini hasa. Sikuwa na jibu. Kwa hiyo ninaposema karatasi moja, watu wawili, ninajua gharama ya kufanya kinyume.

Turudi kwa wale wenzetu. Walikuwa wanataka kuanza kumlipa mdogo wa baba kwa sababu alikuwa anapiga simu na kutukana. Nikapinga. Anza na deni linalovuja damu haraka kuliko yote, si lile lenye kelele nyingi wala lile kubwa. Waliuza beberu wawili, 90,000 kila mmoja, kausha damu ikaisha ndani ya wiki. VICOBA mama alikwenda kuongea na mwenyekiti kabla ya siku ya marejesho, si baada ya kushindwa, wakamsogezea. Tena deni la VICOBA lina unafuu wake, riba yake inarudi kwenye kikundi na wewe ni mmoja wa wanaogawana mwisho wa mzunguko. Mkopo wa simu uliisha kwa hela ya mboga za mama. Mdogo mtu alipigiwa simu na wote wawili, akaambiwa ukweli. Alitukana mara moja ya mwisho, kisha akasubiri.

Na urea? Baba alikuwa ameweka pembeni 70,000 za kadi ya harusi. Zikawa mfuko mmoja. Mfuko mmoja kwa ekari 3 hautoshi, ukiutawanya unapoteza kote. Nikawaambia waweke kwenye ekari moja na nusu iliyopaliwa vizuri, ile yenye majani waiache ijitahidi. Walivuna gunia 33. Gunia 6 zikaenda kwa aliyezinunua, kwa mizani, kilo 100 kila moja, mimi nikiwa nimesimama pale. Hakufurahi. Wakauza 6 kulipa duka la pembejeo na duka la jirani, chenji ikanunua mifuko isiyopitisha hewa, na gunia 14 zikalala ndani badala ya kuuzwa zote mwezi wa saba. Mwezi wa kwanza walipata 90,000 kwa gunia. Kuna miaka bei haipandi hivyo, kwa hiyo msihifadhi kila kitu kama mnacheza kamari, lakini mwenye deni dogo anaweza kusubiri na mwenye deni kubwa hawezi.

Hapa naomba niwe mkali kidogo. Kuna vitu msivibane. Mbegu ni kimojawapo. Ukirudia punje za mbegu chotara za msimu uliopita, mavuno yanashuka, hiyo si akiba. Palizi ya kwanza ni kingine. Kama hela haitoshi ekari 3, limeni 2 vizuri. Wale wenzetu walifanya hivyo msimu uliofuata, baba akinung'unika kwamba majirani watasema amefilisika. Ekari 2 zikatoa gunia 38.

Jambo la sheria nalitaja haraka kwa sababu nimeulizwa. Nyumba mnayoishi kama mke na mume haiwekwi rehani wala kuuzwa na mmoja bila ridhaa ya mwenzake, iko kwenye Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59. Baba anayesaini peke yake, na mama anayeletewa karatasi aweke dole gumba bila kusomewa, wote wasimame kwanza.

Mtauliza kama walimaliza. Karibu. Mwaka jana mtoto wao alilazwa, wakakopa tena VICOBA, ila safari hii walikwenda wote wawili na wakaiandika kwenye daftari usiku uleule. Mdogo mtu bado anadai 50,000. Sukari haikuachwa, walipunguza tu, na baba ndiye aliyekuwa wa kwanza kulalamika chai haina ladha. Kadi za michango bado wanagombana. Mwezi uliopita zilikuja 3 kwa wiki moja, na mama alinipigia kuniomba nimwambie mumewe kwamba 50,000 ni nyingi. Nilimwambia amwambie mwenyewe, daftari analo.

Kwako msomaji, jioni ya leo kabla ya taarifa ya habari tafuteni karatasi moja. Kila mmoja aandike yake yote, pamoja na ile ambayo umeiruka kichwani ulipokuwa unasoma hapa. Igeuzeni iwe magunia, au madebe ya maharage, au lita za maziwa, chochote mnachouza. Hesabu ikigoma kukaa, mimi siku za mnada napatikana ofisi ya kata kuanzia saa 3 asubuhi. Mje wote wawili, akija mmoja nitamrudisha akamwite mwenzake.