Sataranji na Daftari la Shule



Mama mmoja wa Buyenzi, mke wa askari, alinijia juzi na shauri. Mumewe aliporudi kutoka zamu ya kulinda amani nchini Somalia alileta ubao wa sataranji, akawa anamfundisha mtoto wao jioni baada ya chakula. Sasa mtoto ametimiza miaka 12, na kwa miezi kadhaa baba hajapata kumshinda hata mara moja. Baba anajivuna, mama halali usingizi. “Madaftari yamelala mkobani,” aliniambia, “na mtoto anasema atakuwa bingwa mkuu. Hicho ni cheo gani? Kitamlisha? Au nimnyang’anye ubao?”

Swali hili si la kuchekwa. Michezo ya kufikiri si migeni kwetu. Wazee wetu wamekaa vivulini miaka na miaka wakihesabu kete. Lakini hakuna mzee aliyepewa cheo kwa ajili ya kete zake. Sataranji ina vyeo, na yafaa mzazi avifahamu kabla ya kuruhusu au kukataza.

Cheo cha bingwa mkuu hutolewa na Shirikisho la Sataranji la Dunia, lililoundwa Paris mwaka 1924. Lilianza kukitoa mwaka 1950, kwa wachezaji 27, na anayekipata hukaa nacho maisha yake yote. Masharti yake ni makali. Kila mchezaji ana alama za uwezo, ambazo hupanda akishinda na kushuka akishindwa. Hizo hazina budi zifike 2500. Tena lazima afanye vizuri sana katika mashindano kadhaa, kwa kawaida matatu, yenye michezo isiyopungua 27 kwa jumla, na walau theluthi moja ya wapinzani wake wawe mabingwa wakuu. Askari wataelewa upesi: nyota ya begani haipatikani kwa kuwashinda majirani.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Katika sataranji, mcheza kwao hutuzwa makofi tu. Cheo hukifuata ugenini. Mabingwa wakuu wengi wako mbali na Afrika yetu, na nauli ya ndege si mchezo.

Mtazameni Amon Simutowe, kijana wa Zambia, ng’ambo ya pili ya ziwa letu la Tanganyika. Mwaka 2000 alishika nafasi ya pili katika mashindano ya vijana wa dunia, akawa mbele ya vijana wengi wa nchi zilizo tajiri kuliko yake. Hata hivyo cheo cha bingwa mkuu alikipata mwaka 2009, akiwa Mwafrika mweusi wa kwanza kutoka kusini ya Sahara kukivaa. Miaka tisa ilipita kati ya ahadi na cheo! Na katika miaka hiyo hakukitupa kitabu. Sataranji ilimfungulia mlango wa chuo kikuu kimoja cha Texas, Marekani, kisha akasoma Oxford, Uingereza.

Karibu nasi zaidi yuko Phiona Mutesi wa Katwe, mtaa wa kimaskini katika jiji la Kampala. Alipokuwa mtoto alifuata kikombe cha uji mahali ambapo mwalimu Robert Katende aliwafundisha watoto sataranji. Uji ukamleta kwenye ubao, ubao ukamfikisha katika mashindano ya mataifa yote, na baadaye akaingia chuo kikuu Marekani. Yeye si bingwa mkuu, wala hakuhitaji kuwa bingwa mkuu ili maisha yake yageuke.

Asidhani mtu kwamba kazi hiyo ni ya kukaa tu. Mwezi Septemba 1984 Anatoly Karpov na Garry Kasparov walianza kupambana mjini Moscow kwa ajili ya ubingwa wa dunia. Walicheza michezo 48, na 40 kati ya hiyo ikawa sare, hata wakuu wa mchezo wakausimamisha mpambano mwezi Februari 1985 bila mshindi. Karpov alikuwa amekonda sana. Walirudiana mwaka huo huo, na mwezi Novemba Kasparov akatwaa ubingwa akiwa na umri wa miaka 22. Kijana huyo alikuwa ameanza mpambano ule wa kwanza kwa kushindwa mara nne katika michezo tisa.

Basi, dada yangu, jibu langu ni hili. Usimnyang’anye ubao, wala usiuache utawale nyumba. Daftari la shule litangulie, ubao ufuate. Tena mtoto awe na daftari la pili, la sataranji. Katika mashindano makubwa kila mchezaji huandika kila hatua, yake na ya mpinzani. Naye aandike vivyo hivyo, kisha kesho yake atafute mwenyewe mahali alipokosea. Mtoto anayeweza kusema “hapa nilikosa” mbele ya ubao ataweza kusema hivyo mbele ya hesabu, na mbele ya wakubwa wake.

Na baba asiache kucheza kwa sababu ya kushindwa. Ampe mwanawe mkono baada ya kila mchezo, kama ilivyo desturi, ili naye ajifunze kushindwa kwa heshima. Lakini amwambie kweli: cheo ni cha wachache, na wengi walio nacho hula kwa kufundisha, si kwa zawadi za mashindano.

Katika ubao, kipande kidogo kuliko vyote ni askari wa miguu. Haruhusiwi kurudi nyuma hata hatua moja. Lakini akifika mstari wa mwisho hupandishwa, akawa malkia. Hafiki huko kwa kuruka. Huenda mraba kwa mraba, na wenzake wakimlinda.

Tukutane juma lijalo.