Stempu kwa mtengeneza wanasesere

UPEPO WA KUSINI
Na Hamisi Mnali

Madimba ikitajwa redioni, ujue habari ni ya gesi. Tangu mtambo wetu uzinduliwe Oktoba 2015, gesi ya Mnazi Bay inasafishwa hapa na kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, na nchi inatujua kwa hilo. Mimi leo nina ombi la jambo jingine. Shirika la Posta Tanzania litoe stempu ya kumuenzi mtengeneza wanasesere wa jadi, na jina lake liandikwe.

Atakayeona haya ni mambo ya kitoto na asikilize wazee wa Kimakonde wanavyosimulia asili yao. Alikuwapo kiumbe mmoja akiishi peke yake porini, haogi wala hanyoi. Siku moja akachonga gogo kwa umbo la mtu, akalisimamisha nje ya makazi yake. Usiku likapata uhai, likawa mwanamke. Wakaoga mtoni, wakazaa, mtoto akafa. Wakapanda juu kidogo, wa pili naye akafa. Wa tatu alizaliwa kule juu kwenye vichaka, akaishi. Kwa masimulizi hayo, mama wa kabila zima ni kazi ya mikono ya mchongaji.

Kwa Wazaramo na Wakwere kuna mwana hiti: kiwiliwili cha mti kisicho na mikono wala miguu, na mashungi kichwani. Mwali alikabidhiwa akiwa ndani, akakipaka mafuta, akakivika shanga, akakitunza kama mtoto wa kumzaa. Leo mwana hiti wamo kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani.

Waliowachonga ni nani? Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala akikusanya vitu vya wenyeji kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Wakusanyaji wa enzi zile waliandika kabila na mahali. Jina la fundi mara nyingi hawakuliuliza, na hilo ndilo linaloniuma. Wamakonde waliokwenda kuuza vinyago Dar es Salaam walau wanajulikana: Samaki Likankoa kwa mashetani yake, Roberto Yakobo Sangwani kwa vinyago vya ujamaa. Soko liliwapa majina. Bibi aliyemshonea mjukuu mwanasesere wa kaniki na kumjaza sufi, au aliyevisha gunzi la mahindi kitambaa, hakuwa na soko.

Najua barua zimepungua. Lakini stempu ni karatasi ya taifa, na wakusanyaji wa dunia nzima huisoma kama orodha ya watu tunaowathamini. Mwaka 1985 nchi yetu ilitoa stempu za kuadhimisha miaka 85 ya mama yake Malkia Elizabeth wa Uingereza. Kama yeye alipata nafasi, fundi wa kusini hawezi kukosa.

Kuna jambo moja la kuangaliwa kwa heshima. Baadhi ya vitu hivi ni vya unyago, na vya unyago havianikwi hadharani. Mchoraji wa Posta asijiamulie mwenyewe. Makungwi waulizwe kwanza kipi kinaonyeshwa na kipi kinabaki ndani. Wakikataa, mwanasesere wa kuchezea anatosha kabisa. Hana siri yoyote, na kila mwanamke wa pwani hii atamtambua.

Tamasha la MaKuYa, linalowakutanisha Wamakonde, Wamakua na Wayao hapa Mtwara, lingefaa sana kwa uzinduzi. Kabla ya hapo kuna kazi isiyohitaji bajeti ya wizara. Maofisa utamaduni wa Mtwara, Newala na Tandahimba, chukueni daftari mwende vijijini mwezi huu, mwandike majina ya mafundi wangali hai. Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu yupo anayejua kazi hii, mpeleke kwa mtendaji wa kijiji aandikishwe.