NANI ATAIJUA MASHINI?

Ndugu wafanyakazi wa migodi, na ninyi wenyeji wa miji ya Katanga,

Union Minière iliundwa mwaka 1906. Iniversite ya Elisabethville ilifungua milango mwaka 1956. Hesabuni wenyewe: miaka 50! Muda huo wote baba zetu walitoa shaba, lakini mjini mwao hapakuwa na iniversite ya kumfanya mtoto wao enjenieri. Uhuru wa 1960 ulitukuta na mafundi hodari wengi, na karibu bila enjenieri. Mwaka 1967 serikali ilitwaa kompani hiyo, nayo baadaye ikaitwa Gécamines. Mali ikawa yetu, ila elimu ya mashini tuliendelea kuiazima kwa wageni.

Hatumdharau fundi, bila yeye mgodi unalala. Lakini tazameni pampu inayotoa maji chini. Gurudumu lake likiliwa, fundi analibadilisha, kazi inaendelea. Miezi michache, limeliwa tena. Enjenieri anauliza: linaliwa na nini? Anapima bomba linalovuta maji, anaona ni jembamba mno. Humo mgandamizo wa maji unashuka, mapovu yanazaliwa, nayo yakipasuka juu ya chuma yanakitoboa kidogo kidogo. Basi anaweka bomba pana, au anateremsha pampu karibu na maji. Ugonjwa umekwisha.

Hiyo ndiyo mekaniki ya iniversite: hesabu, fizikia, kuchora mashini, kupima nguvu za vyuma, kujua mwenendo wa joto na wa maji. Ni miaka 5 au zaidi, na anayekimbia hesabu asijidanganye. Leo Fakulte ya Politekniki ya Lubumbashi inafundisha elektromekaniki, na mlango uko wazi kwa wasichana kama kwa wavulana.

Kazi zake si mgodi tu. Turbini za Nseke na za Inga, reli, viwanda vya saruji na vya sukari, vyote vinamhitaji mtu huyu. Tena sheria ya mwaka 2017 inataka kazi ambazo kompani kubwa zinawapa wengine kwa mkataba ziende kwa kompani zenye mtaji wa Wakongo. Lakini nani atafungua atelye ya kutengeneza pampu hizo, kama hakuna anayejua kuzipigia hesabu?

Kwa hiyo tunasema wazi. Wazazi, msimtoe mtoto darasani kwa ajili ya franka za shimoni. Franka hizo zinaliwa leo, kesho hazipo. Wakubwa wa kompani, wapeni wanafunzi staji ya kweli, washike mashini, wasitumwe kuleta chai. Serikali, diplome iliyopatikana kwa ubao na chaki tupu haitoshi: atelye za iniversite zipewe vyombo.

Nanyi vijana, msione haya kwa mafuta mikononi. Shaba itakwisha siku moja. Anayeijua mashini atapata kazi hata siku hiyo.