Manowari Iliyoungua: Je, Kuikarabati ni Uzalendo?

Wapo wanaoshikilia kwamba taifa linaloipeleka manowari yake kwenye vyuma chakavu limejivunjia heshima. Kauli hiyo ni tamu masikioni, lakini ni potofu, na kila anayejifunza uraia hana budi kuikataa.

Tuitazame manowari ya Marekani iitwayo USS Bonhomme Richard. Tarehe 12 Julai 2020, ikiwa gatini San Diego kwa matengenezo, ilishika moto uliowaka kwa siku kadhaa. Hakuna aliyekufa, ila makumi ya watu walijeruhiwa. Jeshi la Majini lilikadiria kwamba takriban asilimia 60 ya meli ingepaswa kujengwa upya au kubadilishwa, kwa gharama ya dola bilioni 2.5 hadi 3.2, na kwa muda wa miaka 5 hadi 7. Kuigeuza iwe meli ya hospitali kungezidi dola bilioni 1. Kuivunja kungegharimu takriban dola milioni 30. Novemba 2020 ikatangazwa kwamba itavunjwa.

Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Kukarabati ni kurejesha kilichoharibika. Kujenga upya zaidi ya nusu ya meli ni jambo jingine, hata likipewa jina la ukarabati. Maji yakimwagika hayazoleki: fedha zilizoteketea hazirudi kwa kuteketeza nyingine.

Mpinzani atauliza, mbona USS Cole ilitengenezwa? Naam, ilitengenezwa. Tarehe 12 Oktoba 2000, katika bandari ya Aden, bomu liliutoboa ubavu wake na mabaharia 17 wakauawa. Lakini sehemu kubwa ya meli ilisalimika. Matengenezo yaligharimu takriban dola milioni 250, sehemu ndogo ya bei ya meli mpya, na mwaka 2002 ikarudi kazini. Basi hesabu ileile iliyoiokoa Cole ndiyo iliyoihukumu Bonhomme Richard. Tofauti iko katika ukubwa wa madhara, wala si katika kiasi cha uzalendo.

Hata hivyo, meli ikivunjwa, uwajibikaji usivunjwe pamoja nayo. Ripoti ya uchunguzi iliyotolewa mwaka 2021 ilionyesha kwamba vifaa vingi vya kuzimia moto havikuwa tayari, mabaharia hawakuwa na mafunzo ya kutosha, na mfumo wa povu haukuwashwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa ukuta wenyewe haukujengeka tena.

Kwa hiyo, mwanafunzi, uonapo mali yoyote ya umma imeharibika, usiridhike kuuliza, "Itatengenezwa lini?" Uliza: kuitengeneza kutagharimu kiasi gani, fedha hizo zingefanya nini kwingine, na nani aliyepewa dhamana ya kuilinda? Kiongozi akikujibu kwa neno "heshima" pasipo takwimu, bado hajakujibu.