TAIRI LA BABA NA TAIRI LA MWANA

Mwezi huu nilikusudia kueleza habari za breki, lakini imenibidi niziahirishe kwa sababu ya barua niliyoletewa mkononi na mama mmoja wa hapa hapa Shively. Nyumbani kwake kuna baiskeli moja tu, ya mlimani, ya inchi 26, waliyopewa walipofika nchi hii. Baba huipanda saa kumi alfajiri kwenda kazini akiifuata Dixie Highway. Mwana, ambaye ametimiza miaka 15, huichukua Jumamosi kwenda kwenye njia za msituni za Waverly Park. Matairi yote mawili yamekuwa kipara. Mwana ataka matairi mapana yenye meno marefu, kama ayaonayo kwa wenzake. Baba ataka membamba yaliyo laini. Fedha zilizopo zatosha jozi moja, na kwa muda wa juma zima baba na mwana wamekula chakula cha jioni bila kusemezana. Mama auliza awe upande wa nani.

Jibu langu, mama, ni kwamba usiwe upande wa yeyote. Hakuna sheria isemayo kwamba matairi mawili ya baiskeli moja sharti yafanane. Gurudumu la nyuma hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mpandaji, nalo ndilo livutwalo na mnyororo. Likiteleza, mpandaji huyumba, hutia mguu chini, kisha huendelea na safari. La mbele ndilo liongozalo, na breki inaposhikwa kwa nguvu, mzigo wote hulielemea lenyewe. Hilo likiteleza, utajikuta chini kabla hujajua kilichotokea. Kwa hiyo tairi la mbele huchaguliwa kwa kufikiria mahali pabaya kuliko pote utakapopita, na la nyuma kwa kufikiria mahali upitapo siku nyingi.

Mahali pabaya, kwa nyumba hii, ni Waverly, penye miteremko, mizizi na majani yaliyolowa. Mbele, basi, liwekwe tairi la mwana: upana wa inchi 2.1, meno ya urefu wa kadiri yaliyoachana ili udongo upate kuruka nje, na meno imara pembeni, kwa maana hayo ndiyo yang'ang'aniayo ardhi baiskeli inapolala kwenye kona. Nyuma liwekwe tairi la baba: inchi 1.95, meno mafupi katikati yaliyosongamana hata yakaribia kuwa mstari mmoja. Yatakiwa mpira wake uwe mgumu kiasi, kwani mpira laini hushika vizuri lakini lami huutafuna upesi. Simdanganyi mtu: baba atachelewa dakika chache, na mwana atasota kidogo kwenye mwinuko wenye matope. Lakini wote wawili watafika.

Meno marefu juu ya lami nayajua kwa mwili wangu. Mwaka wangu wa kwanza hapa niliyafunga mbele na nyuma, nikayapenda kwa sura yake. Juu ya lami meno ya namna hiyo hupindapinda, hula nguvu za miguu na huvuma kama mzinga wa nyuki. Asubuhi moja ya mvua nilikata kona juu ya mstari mweupe uliopakwa barabarani, na sikumbuki nilivyoanguka. Kifundo cha mkono kilivimba majuma matatu, na kwa majuma hayo sikupata ujira. Tangu siku hiyo mistari ya rangi, vifuniko vya chuma na reli nazivuka nikiwa wima, usukani umenyooka, hata kama tairi ni jipya.

Kabla ya kutoa fedha, isomeni namba. Wengi wetu tulikulia juu ya baiskeli za Phoenix na ndugu zake, zenye tairi la 28 x 1 1/2, na fundi wa kijijini hakuhitaji kuuliza. Hapa mambo ni mengine. Tairi lililoandikwa 26 x 1 3/8 halifai kwenye rimu ya tairi lililoandikwa 26 x 1.95, ijapokuwa yote mawili huitwa ya inchi 26. La kwanza limetengenezwa kwa rimu ya milimita 590, la pili kwa milimita 559. Sehemu hujulisha aina moja na desimali hujulisha nyingine. Namba ya kuaminiwa ni ile ya milimita iliyopigwa ubavuni: ninyi tafuteni inayoishia na 559, kwa mfano 54-559. Baiskeli mpya za mlimani siku hizi ni za 584 au 622, na ndiyo maana matairi mazuri ya 559 yamepungua madukani. Ukiyaona kwa bei nafuu, usiseme utarudi kesho. Tazameni pia mshale ulio ubavuni, unaoonyesha upande wa kuzungukia.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko meno yote, nalo ni upepo. Wenzetu waliotoka Goma wanaikumbuka chukudu ikishuka kutoka Kibumba na magunia ya viazi: gurudumu la mbao lililovishwa ukanda wa tairi kuukuu, lisilo na upepo hata chembe. Waliowahi kuiendesha juu ya mawe ya volkano wajua mabegani mwao kile ambacho upepo hutufanyia. Kwa baba, mtu mzima mwenye kwenda juu ya lami, pauni 50 kwa inchi ya mraba zatosha, mradi tairi lenyewe liruhusu kiasi hicho, nacho huandikwa ubavuni. Kwa mwana, aliye mwepesi na aendaye msituni, apunguze hadi 30 hivi. Tairi litajikunja juu ya mizizi badala ya kuruka. Asishuke sana, maana mpira wa ndani utabanwa kati ya jiwe na rimu, utoboke matundu mawili sambamba kama umeumwa na nyoka.

Mvua ikiwa imenyesha usiku, mwana asiende kabisa. Udongo wetu wa mfinyanzi hujaza nafasi zote kati ya meno, na tairi zuri hugeuka kipara kwa dakika moja. Zaidi ya hayo, gurudumu huacha mifereji njiani, na wengine wataikuta imekauka. Siku kama hiyo njia ya lami kando ya Mto Ohio, ipitayo Chickasaw Park, yamfaa zaidi.

Kwenye Dixie adui si misumari tu, bali nyuzi nyembamba za chuma zitokazo katika matairi ya malori yaliyopasuka. Uzi mmoja waweza kutoboa mipira mitatu mfululizo, kwa sababu jicho haliuoni. Baada ya pancha, chukua kipande cha pamba ukipitishe ndani ya tairi lote. Kitakaponasa, hapo ndipo ulipo. Desturi yetu ya nyumbani ya kutandika tairi kuukuu ndani ya jipya huzuia miiba kweli, lakini huongeza uzito, na kingo zake huusaga mpira wa ndani. Afadhali kununua tairi la nyuma lenye tabaka la kinga.

Lililobaki, mama, ni mkataba. Pampu yenye kipimo iwekwe karibu na mlango, na namba mbili, 50 na 30, ziandikwe ukutani kwa chaki. Kila Jumapili jioni, kabla ya kulala, mwana arudishe upepo hadi 50 kwa mikono yake mwenyewe, kisha amwite baba asome kipimo.

Habari za breki, Mungu akipenda, mwezi ujao.