Reli ya Musongati: nikeli imepata behewa, mchuuzi je?

Ukiishi Mutakura siku hizi huwezi kuukwepa mjadala wa reli. Kwa kinyozi, kwenye foleni ya basi, hata katika chumba cha walimu, watu wanaulizana treni itafika lini Bujumbura. Jibu langu huwakera wengi: reli iliyozinduliwa haiji Bujumbura.

Mkataba uliotiwa saini Januari 2025 baina ya Tanzania, Burundi na kampuni mbili za China unahusu kipande cha Uvinza hadi Musongati. Ni kilomita 240 za njia kuu na 42 za njia za kupishania, kwa gharama inayozidi dola bilioni 2.1. Mapema zaidi, Desemba 2023, Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikuwa imeidhinisha dola milioni 696 kwa reli hiyo pamoja na ile ya Tabora hadi Kigoma. Jiwe la msingi liliwekwa Musongati Agosti 2025.

Musongati si mji mkubwa. Kinachoivuta reli huko ni nikeli, ambayo wataalamu wanaijua tangu miaka ya 1970. Sina ugomvi na nikeli. Bila mzigo mzito wa kulipia njia, sioni benki ambayo ingekopesha fedha hizo.

Kuja huku kwetu kupitia Gitega bado ni mpango, na kikwazo si fedha tu. Bujumbura iko kando ya ziwa, chini ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, wakati mgongo wa milima ulio juu yetu unapita mita 2,000. Treni ya mizigo haiwezi kushuka kama teksi za Bugarama. Ukiipa mteremko wa mita 2 kwa kila mita 100, kushuka mita 1,200 tu kunadai kilomita 60 za reli, pamoja na mahandaki na madaraja. Kwa hiyo jirani zangu wa Mutakura na Kinama wasianze kununua viwanja vya stesheni.

Lakini kuna wenzetu ambao reli hii itawapitia karibu. Upande wa Rutana kuna vijiji vya amani vilivyojengwa kwa ajili yetu sisi abahungutse, yaani tuliorudi, hasa waliokuta ardhi yao ina mtu mwingine. Wengi wao wana ndugu Katumba, Mishamo na Ulyankulu, waliochukua uraia wa Tanzania. Wanazungumza Kiswahili, wanajua bei ya mchele wa huko na ya maharage ya huku. Hao ni wasafiri wa treni hata kabla tiketi hazijachapishwa. Swali ni kama treni itasimama.

Mimi nilizaliwa na kusomea Katumba. Mwaka 2008 familia yetu ilirudi kwa treni ya zamani, ile ya reli ya mita moja, mpaka Kigoma, kisha tukapanda magari. Treni ile ilikuwa ya polepole na ilituchosha, lakini ilikubali mabati, baiskeli, magunia na kuku. Treni za umeme zinazotoka Dar es Salaam hadi Dodoma tangu 2024 ni safi na za kasi, ila zina masharti ya mizigo kama ya ndege. Mama mwenye magunia matatu ya maharage hatafaa humo, wala hatakodi behewa zima la mizigo.

Isidhaniwe kwamba haiwezekani. Oktoba 2012 Dar es Salaam ilianzisha treni ya abiria ya mjini, watu wakaiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Ilipita juu ya reli ileile ya zamani kati ya Stesheni na Ubungo. Haikuhitajika njia mpya. Yalihitajika mabehewa, ratiba, vituo na uamuzi wa serikali.

Nionavyo mimi, tunachopaswa kudai ni treni mchanganyiko walau mara chache kwa wiki, yenye behewa la abiria na behewa la mizigo midogo, isimame pale inapopishana na treni za madini. Na mpakani Malagarasi kuwe na ofisi ya forodha ya wadogo. Wafanyabiashara wa Kobero na Mugina wanakijua cheti rahisi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachomwezesha mtu mwenye bidhaa za Jumuiya zisizozidi dola 2,000 kuvuka bila wakala. Kama cheti hicho hakitolewi stesheni, mchuuzi atarudi kwenye lori, au kwenye njia za panya.

Jukwaa la abiria na chumba cha forodha ni gharama ndogo vikiwekwa kwenye ramani mapema. Vikiombwa baada ya zege kumwagwa, tutaambiwa bajeti imekwisha. Wabunge wetu, na wale wa Kigoma, wameshauliza ramani hizo zina vituo vingapi vya abiria, na wapi?