Kufunga Shule Si Dawa ya Kipindupindu

Ni jambo la kusikitisha kwamba kipindupindu kinapozuka katika shule ya bweni, wazo la kwanza linalowajia wakuu wengi ni kuwarudisha wanafunzi makwao. Nimefundisha kwa miaka mingi na kitendo hicho nimekishuhudia kwa macho yangu. Wavulana watatu wa kidato cha pili waliharisha usiku kucha, choo chao kikiwa kama maji ya mchele. Kufikia saa nne asubuhi, mamia ya wenzao walikuwa wamekwisha kupanda matatu, kila mmoja akishika njia ya kwao. Afisa wa afya ya umma alipowasili mchana alikuta mabweni matupu, na mkuu wa shule akimhakikishia kwamba jina la shule limenusurika.

Jina, naam. Je, waliosafiri na wanafunzi hao?

Viini vya kipindupindu humwingia mtu kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha aliyeambukizwa. Dalili huweza kutokea baada ya saa chache, au zikakawia hadi siku tano. Isitoshe, wengi walioambukizwa hawaugui kabisa, ilhali hutoa viini hivyo kwa siku kadhaa. Kijana aliye buheri wa afya machoni petu aweza basi kuvitoa bwenini na kuvifikisha kwenye kisima cha nyanya yake, mahali ambapo pengine hapana choo wala zahanati ya karibu.

Walimu wenzangu wa sayansi wanamfahamu daktari John Snow. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mtaa wa Soho, London, na wakubwa wa siku hizo wakailaumu hewa chafu. Snow alichunguza walikoishi marehemu, akaona wengi walikuwa karibu na pampu moja ya maji ya Broad Street. Aliwashawishi wenye mamlaka waung'oe mkono wa pampu hiyo. Ninapofundisha kisa hiki, sikosi kumtaja mjane mmoja aliyeishi Hampstead, mbali na Soho. Alifariki kwa ugonjwa huo huo, kwani aliyapenda maji ya pampu ile na alikuwa akiletewa nyumbani.

Kwa maoni yangu, wanafunzi wabaki shuleni hadi afisa wa afya aamue vingine. Aitwe siku iyo hiyo. Maji yatiwe klorini au yachemshwe, na wagonjwa watengewe choo chao. Anayeharisha apewe mara moja maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, bila kurundika. Akizidiwa akimbizwe hospitali. Kipindupindu kikali kisipotibiwa huweza kuua nusu ya wagonjwa. Kikitibiwa vyema, hafi hata mmoja katika mia.

Haya yote yamo vitabuni, na wanafunzi wangu huyaandika katika mtihani wakapata alama zote. Kisha hutoka darasani kwenda chooni, ambako pipa la kunawia mikono lililonunuliwa mwaka 2020, wakati wa Korona, sasa limegeuzwa la kuwekea chokaa ya uwanja wa kandanda. Mkuu wa shule akinisoma, naomba alirudishe, hata kabla ya mkutano wa bodi.